Uzi: Vipimo vya damu vya papo kwa papo pale dharura, tuviamini kiasi gani?

Mpimaji wa Zamu (mleta uzi)

Wakuu, habari za kazi.

Mimi ni mtu wa maabara. Kazi yangu kubwa kwa sasa ni kusimamia mashine ndogo zilizohama maabara zikaenda kukaa kwenye toroli za wauguzi: glukomita (ya kupima sukari ya damu), mashine ya kupima wingi wa damu kwa tone moja, MRDT (kipimo cha haraka cha malaria), na ile ya mkononi inayotumia katriji kutoa potasiamu, gesi za damu na laktati (asidi inayopanda mwili ukikosa oksijeni) ndani ya dakika chache. Karibu kila daktari mpya anayeingia zamu ya dharura huniuliza kama hizi mashine zinaaminika. Jibu lake ni refu mno kulimaliza koridoni, ndiyo maana nimelileta hapa.

Msimamo wangu nautanguliza. Mashine hizi zinapima vizuri kwa mtu ambaye hajazidiwa. Usahihi wake unashuka kwa aliyepungukiwa damu, aliye kwenye shoki (mzunguko wa damu umeporomoka), mwenye vidole vya baridi, aliyevimba mwili mzima. Na huyo ndiye mgonjwa tuliyemnunulia mashine. Hatari kubwa kuliko zote ni jibu zuri, la kawaida kabisa, kwa mgonjwa ambaye hayuko kawaida.

Nianze na sukari, maana ndiyo inayopimwa kuliko vyote na ndiyo inayoua haraka ikikosewa.

Kiwango cha kimataifa cha glukomita, ISO 15197 cha 2013, kinataka asilimia 95 ya majibu yasiachane na ya maabara kwa zaidi ya 0.83 mmol/L pale sukari inapokuwa chini ya 5.55, na asilimia 15 ikiwa juu ya hapo. Iangalieni vizuri hiyo 0.83. Mtoto ana degedege, glukomita inasoma 3.2. Mashine iko ndani ya kiwango, haina kosa lolote, lakini sukari ya kweli inaweza kuwa 2.4. Mwongozo wa WHO wa malaria kali unataka mtoto wa chini ya miaka 5 apewe sukari akiwa chini ya 3. Kwa hiyo 3.2 ya mtoto mwenye degedege haitoshi kumfanya muuguzi aondoke kitandani.

Tena kiwango hicho kiliandikwa kwa ajili ya mgonjwa wa kisukari anayejipima mwenyewe nyumbani. Aliyezimia hakuwa akilini mwa waandishi. Huko Marekani, FDA, mamlaka yao ya dawa na vifaa tiba, walitoa mwongozo tofauti kwa glukomita za hospitali na za nyumbani mwaka 2016, na glukomita ya kwanza waliyoiruhusu itumike kwa wagonjwa wote wa hospitali, mahututi wakiwemo, ilipata ruhusa hiyo 2014. Miaka yote kabla ya hapo, ICU zilizojaa vifaa vya kila aina zilikuwa zikitegemea mashine zisizothibitishwa kwa wagonjwa wao.

Sasa njoo kwenye upungufu wa damu, na hapa naomba tukae kidogo. Stripu, kile kipande kidogo kinachochomekwa kwenye glukomita, inanyonya damu nzima, pamoja na chembe zake. Chembe nyekundu zinachukua nafasi na kuzuia plazima isifike vizuri kwenye kemikali. Mashine imepangwa ikijua chembe zitakuwa kiasi cha mtu wa kawaida. Zikiwa chache mno, plazima inafika kwa wingi na sukari inasomeka juu kuliko ilivyo. Zikiwa nyingi mno, inasomeka chini. Mtoto mwenye Hb (himoglobini, yaani wingi wa damu) ya 4 ana hematokriti, ile sehemu ya damu iliyo chembe, ya kama asilimia 12 (zidisha Hb kwa tatu, utakuwa karibu). Glukomita nyingi za bei nafuu haziwezi kusahihisha hadi huko chini. Ndiyo kusema mtoto ambaye malaria imemmaliza damu na sukari kwa pamoja, mashine inaweza kumpa 4.1 na wote tukashusha pumzi.

Glukomita mpya zinapima na hematokriti humohumo ndani ya stripu kisha zinasahihisha. Masafa yake yameandikwa kwenye kile kikaratasi kilichokunjwa ndani ya boksi, ambacho watu wengi hutupa pamoja na boksi. Nendeni mkakisome.

Mgonjwa wa shoki naye damu ya kidoleni imekwama. Chembe zinaendelea kula sukari iliyopo hapo huku mpya haifiki. Damu ya kidole haiwakilishi tena damu inayokwenda kwenye ubongo. Huyo chukua damu ya mshipa au ya ateri. Ukiwa na mashine ya gesi za damu, soma sukari humo.

Halafu tone lenyewe. Nimesimama pembeni mara nyingi nikitazama: pamba ya spiriti inapita, sindano inafuata palepale kidole kikiwa bado kinang'aa maji, damu haitoki, kidole kinakamuliwa kutoka kwenye fundo hadi ncha kama chuchu ya mbuzi, na tone linalotoka ni damu, spiriti na majimaji ya nyama kwa pamoja. Kidole kioshwe kwa maji, kikaushwe, kitobolewe pembeni mwa ncha, tone la kwanza lifutwe, la pili lijitokeze lenyewe. Kuosha huko nakusisitiza. Wajapani walipima mwaka 2011 watu wasio na kisukari waliotoka kumenya matunda: sukari ilisomeka juu mno, na hata baada ya kusugua kidole kwa spiriti mara tano bado ilikuwa juu. Maji ndiyo yaliyoiondoa. Sasa fikirieni mama aliyekuwa akimlambisha mtoto sukari njiani kuja hospitali, na mtoto ameshika mkono wa mama.

Nimekaa sana kwenye sukari. Hb na potasiamu nitazigusa mkiniuliza. Karibuni.

Sista wa Usiku

Kaka, asante kwa uzi. Mimi ni muuguzi, na huo mkono unaokamua kidole ni wa kwetu, sikatai. Lakini ongeza na haya. Kopo la stripu linafunguliwa asubuhi linabaki wazi juu ya toroli mpaka jioni, kwa sababu kila mtu anachomoa mbio. Wodi nyingine wanakuja kuazima, wanapewa stripu tano kwenye glovu. Hizo zimeshavuta unyevu kabla hazijafika. Kopo limeandikwa zisizidi nyuzi 30, na chumba chetu mwezi wa pili kinazidi hapo kabla ya saa tano asubuhi.

Na jingine ambalo watu wa maabara hamlioni: mgonjwa ana dripu ya dekstrozi (maji ya sukari) mkono wa kushoto, na mtu anachukua damu mkono huohuo juu ya kanula kwa sababu ndiyo mshipa unaoonekana. Jibu linakuja 28. Kwa siku ambayo hakuna mtu wa kuuliza, mgonjwa atapigwa insulini.

Mpimaji wa Zamu

Dada, umenisaidia. La mkono wenye dripu linatakiwa liandikwe ukutani. Mkono mwingine, au mguu. Ikishindikana kabisa, dripu ifungwe kwanza, isubiriwe, na damu ya mwanzo imwagwe.

Kuhusu insulini kupigwa kwa jibu la uongo, hilo limeshaua watu. Agosti 2009 FDA walitoa onyo kuhusu stripu zinazotumia kimeng'enya kiitwacho GDH-PQQ. Hazitofautishi glukosi na maltosi, ambayo ni sukari nyingine, kwa hiyo wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu kupitia tumbo kwa maji yenye ikodekstrini (inayovunjika mwilini ikawa maltosi) walikuwa wakisomeka sukari ya juu wakati iko chini. Walihesabu vifo 13 tangu 1997. Mashine haikuharibika. Ilifanya kazi yake kama ilivyotengenezwa, kwa mgonjwa asiye wake.

Daktari wa Pembezoni

Mkuu, naomba nikupinge, kwa heshima. Niko hospitali ya wilaya. Sampuli ya potasiamu nikiituma maabara mchana, nikiwahi sana napata baada ya saa tatu. Usiku ndiyo hadi kesho. Ukiwaambia vijana kwamba mashine ya kando ya kitanda haiaminiki, hawatatafuta kipimo bora zaidi, kwa sababu hakipo. Watarudi kubahatisha.

Na kubahatisha tunakujua. Ule utafiti wa hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania uliotoka 2004: katika wagonjwa zaidi ya 4,000 waliolazwa na kutibiwa malaria kali, wenye vimelea kweli kwenye slaidi walikuwa chini ya nusu. Waliobaki walikuwa na kitu kingine ambacho hakuna aliyekitafuta. Hayo ndiyo matokeo ya jicho la daktari peke yake. Muhimbili ilipofungua idara ya dharura 2010, moja ya vitu vilivyobadilisha kazi ni kupata namba ukiwa bado umesimama na mgonjwa. Mimi namba yenye kosa la asilimia 15 sasa hivi naipokea kwa mikono miwili kuliko namba safi ya kesho asubuhi.

Mpimaji wa Zamu

Daktari, kwa hilo hatupingani hata kidogo, na sitaki mtu asome uzi huu akaiweka glukomita kabatini. Ninachoomba ni tofauti ya namna ya kuyapokea majibu. Jibu baya lifanyie kazi palepale. Sukari 2 kwa mtoto aliyezimia, mpe dekstrozi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kilo, mengine mtayaangalia akiwa amefumbua macho. Jibu zuri kwa mgonjwa mbaya ndilo la kuhojiwa: rudia, badilisha mahali pa kuchukulia damu, tuma na maabara hata kama litarudi kesho.

Potasiamu ndiyo mfano mzuri zaidi. Maabara kubwa tunazungusha damu kwenye sentrifuji kabla ya kupima. Chembe zikiwa zimepasuka, seramu inageuka nyekundu na tunakataa sampuli. Mashine ya katriji inapima damu nzima, na katika damu nzima hakuna anayeweza kuona kwa macho kwamba chembe zimepasuka. Potasiamu ya ndani ya chembe imemwagika nje, na mashine inaihesabu yote.

Alikuja mama mmoja, mgonjwa wa figo, mnyonge. Mashine ikatoa 7.4. Muuguzi alikuwa amehangaika naye, damu imevutwa kwa nguvu kwenye kanula nyembamba, mpira wa kufungia mkono umekaa muda mrefu, mama anaambiwa akunje ngumi afungue, akunje afungue. Daktari aliweka ECG (kipimo cha umeme wa moyo), mawimbi ya T hayakuwa yamechongoka kama yanavyofanya potasiamu ikiwa juu kweli, akaagiza damu nyingine itoke taratibu kwenye mshipa mkubwa bila mpira. Ikatoka 4.9. ECG ingekuwa imebadilika, asingesubiri marudio, angempa kalsiamu hapohapo, na angekuwa sahihi.

Lakini mnaona, 7.4 angalau inamshtua mtu. Geuza upande wa pili. Mgonjwa wa kisukari aliyefika na asidi nyingi kwenye damu, ametapika siku mbili, potasiamu yake ya kweli ni 2.7. Chembe zimepasuka kwenye bomba, mashine inasema 4.2. Hakuna atakayeshtuka na 4.2. Insulini inaanzishwa, insulini inasukuma potasiamu iliyobaki ndani ya chembe, na moyo unasimama. Ndiyo maana nasema kosa linalojificha ndani ya jibu la kawaida ndilo linalonikosesha raha.

Halafu sehemu kubwa ya makosa haya hayatoki ndani ya mashine. Maabara ya dharura ya Padua, Italia, walifuatilia makosa yao wakachapisha 1997, wakarudia 2007. Mara zote mbili zaidi ya asilimia 60 yalitokea kabla sampuli haijaingia kwenye mashine. Hiyo ni maabara, yenye watu wa maabara. Kando ya kitanda saa nane usiku hali haiwezi kuwa bora zaidi ya hapo.

Jirani wa Eldoret

Daktari, salamu kutoka huku Kenya. Mimi ni clinical officer, na sisi shida yetu ni majeruhi wa barabarani, hasa boda boda. Mtu anafika amegongwa, presha iko chini, tumbo limekaza, Hb inatoka 12.8. Intern anasema hana internal bleeding kwa sababu damu iko sawa. Saa moja baadaye, akishawekewa maji lita mbili, mashine ya katriji inasema 6. Sasa nijue nini hapo?

Mpimaji wa Zamu

Jirani, karibu sana. Namba zote mbili zinapotosha, kila moja kwa sababu yake.

Ile 12.8 imepimwa sawasawa. Mtu anayevuja damu anapoteza chembe na plazima kwa pamoja, kwa uwiano uleule. Ukipima kilichobaki mwanzoni mwanzoni, mchanganyiko haujabadilika, kilichopungua ni ujazo. Hb ya mapema haiwezi kumtoa mtu kwenye orodha ya wanaovuja damu, iwe imepimwa kwa mashine ya laki moja au ya milioni mia. Mwamini mpigo wa moyo, presha, ultrasaundi ya tumbo, na laktati kama unayo (iwahishwe tu, damu ikikaa kwenye bomba laktati inapanda yenyewe).

Ile 6 nayo: mashine nyingi za katriji hazipimi Hb moja kwa moja. Zinapitisha umeme kwenye damu, zinakadiria hematokriti, kisha zinapiga hesabu ya Hb. Chembe hazipitishi umeme vizuri, plazima inapitisha. Protini ya plazima nayo inazuia kidogo, na mashine imeshaihesabu protini ya mtu wa kawaida. Ukimwaga lita mbili za maji, protini imechujuka, umeme unapita kirahisi, mashine inadhani chembe ni chache kuliko zilivyo. Kwa hiyo sehemu ya kushuka huko ni ya kweli, sehemu ni ya mashine. Majeruhi wako bado anahitaji damu kwa jinsi ulivyomweleza, ila ukitaka namba ya kulinganisha, tumia mashine ya tone inayopima kwa mwanga, na utumie hiyohiyo mwanzo hadi mwisho. Usilinganishe 12.8 ya mashine moja na 6 ya nyingine.

Na kwa ile ya tone: matone ya kidole hayafanani. Chuo Kikuu cha Rice kule Houston walionyesha 2015 kwamba tone moja na linalofuata, kidole kilekile, yanatofautiana kiasi kwamba walihitaji wastani wa matone sita hadi tisa kukaribia usahihi wa damu ya mshipa. Kwa mtoto aliye mpakani mwa kuwekewa damu, tuseme 4.3, chukua damu ya mshipa, ichanganye taratibu kwenye tyubu ya zambarau (yenye dawa ya kuzuia damu isigande), upime hiyo. Faraja ni kwamba utafiti wa TRACT wa Uganda na Malawi, uliotoka 2019, uligundua kuwa watoto wenye Hb ya 4 hadi 6 wasio na dalili za hatari, kuwawekea damu papo hapo hakukupunguza vifo, ilimradi wafuatiliwe na Hb irudiwe. Kurudia huko ndiko tunakokuruka.

Mama wa Tabata

Samahanini wataalamu, mimi si wa afya. Mwanangu alitibiwa malaria akapona, wiki mbili baadaye akapata homa tena tukakimbilia dharura usiku, wakampima wakasema malaria tena, wakampa dawa zilezile. Homa haikushuka, kumbe alikuwa na maambukizi ya mkojo. Kile kipimo ni kibovu?

Mpimaji wa Zamu

Pole sana mama, na asante kwa kuuliza. Kipimo kinachotumika zaidi hakitafuti mdudu mwenyewe, kinatafuta protini anayoiacha kwenye damu, inaitwa HRP2. Protini hiyo inabaki wiki kadhaa baada ya mdudu kufa. Mtoto aliyetoka kutibiwa anaweza kuonyesha mistari miwili ilhali malaria imekwisha. Siku nyingine mkifika na homa ndani ya mwezi mmoja wa matibabu, waambie mapema tarehe aliyomaliza dawa, waombe slaidi ya darubini, na waulize kama mkojo umepimwa. Una haki ya kuuliza hayo.

Sista wa Usiku

Kaka, nimerudi. Nimekitafuta kile kikaratasi cha glukomita yetu, kilikuwa chini ya droo. Kimeandika hematokriti 30 hadi 55. Nimechukua rejista ya watoto waliopata damu mwezi huu, sijamwona hata mmoja mwenye 30. Sasa tunafanyaje, na stripu za mashine hii zimejaa stoo?

Mpimaji wa Zamu

Dada, hiyo ni kazi kubwa umeifanya. Stripu zilizopo zitumieni, ila bandikeni kwenye mashine yenyewe: mtoto mweupe viganja, jibu la kawaida halikubaliki mpaka lirudiwe kwa damu ya mshipa maabara. Akiwa amezimia au ana degedege na mashine inasoma chini ya 5, mzungumze na daktari wenu mkubaliane apewe sukari bila kusubiri marudio. Dozi moja ya dekstrozi kwa mtoto ambaye hakuihitaji haina madhara ya kulinganisha na kumnyima aliyeihitaji.

Pili, mwandikie mfamasia na mkuu wa maabara leo, uambatanishe nakala ya kikaratasi na hizo Hb za rejista, bila majina ya watoto. Oda ijayo isiandikwe "glukomita na stripu" tu. Iandikwe masafa ya hematokriti yaanzie 10 au chini ya hapo, na joto la kutunzia livuke nyuzi 30. Mzabuni asiye na hiyo anaondoka mapema kwenye mchakato. Ukinitumia rasimu ya barua hapo faragha nitaipitia kesho kabla ya zamu.